Printa inawaka, karatasi haitoki: LaserJet 1020 na wenzake kwenye kompyuta za zamani

#1 FundiRola

Wakuu, salaam. Swali la printa ya USB kwenye Windows 7 au XP halikauki humu, na jibu la kwanza siku zote ni "futa draiva, weka upya". Mara nyingi draiva haina kosa lolote. Nachukua HP LaserJet 1020 kama mfano kwa sababu imejaa kwenye steshenari na ofisi ndogo, na bado watu wanaijaza toneri ya 12A mpaka leo.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu 1020: haina akili yake yenyewe. Ina memori ya MB 2 tu, haielewi PCL (lugha ya kuamrisha printa), haielewi hata maandishi matupu. Kompyuta ndiyo inachora ukurasa mzima, inaubana, inautuma kama picha. Tena ukiizima, programu yake ya ndani inapotea, na ukiiwasha inabidi draiva iitume upya kupitia kebo ya USB. Ndiyo maana 1020 ikiwa kwenye mashine isiyo na draiva sahihi inawaka, inaunguruma kidogo, halafu inakaa kama jiwe. Usitafute kitufe cha kujipima, hakuna. Ina swichi ya umeme na taa mbili basi.

Kipimo changu cha kwanza ni masikio. Chomoa kebo ya USB, washa printa. Rola zitazunguka sekunde chache kisha kimya. Sasa chomeka kebo kwenye kompyuta iliyokwisha kuwaka kabisa, na kama bado kimya tuma kazi moja. Ukisikia rola zikizunguka mara ya pili, printa imepokea programu yake, kwa hiyo kebo, tundu na draiva vinawasiliana. Tatizo lako liko juu zaidi, kwenye foleni au mipangilio. Usiposikia kitu, usiguse foleni kwanza. Anza na kebo.

Taa ya njano ikiwaka ni mlango wa katriji, katriji yenyewe, karatasi kuisha au karatasi kukwama. Hilo si la kompyuta. Toa katriji, angalia vipande vya karatasi, rudisha, funga mlango mpaka ulie.

#2 KaratasiA4

Mkuu nimekusoma. Yangu rola zinazunguka mara ya pili vizuri kabisa. Ila nikituma kazi, dirisha la foleni linaandika 64.0 KB / 1.8 MB na linagandia hapo. Windows 7, 32-bit. Kwenye Devices and Printers naona "HP LaserJet 1020" imefifia na nyingine "HP LaserJet 1020 (Copy 1)".

#3 FundiRola

@KaratasiA4 hiyo "Copy 1" ndiyo ushahidi. Kuna siku kebo ilihamishwa tundu. Windows ikaiona kama printa mpya, ikaipa mlango mpya wa USB002, na ile ya kwanza ikabaki inaelekea USB001 ambako hakuna kitu. Kama programu zako bado zinatuma kwa ile ya zamani, kazi zinaenda kwenye mlango mtupu. Au kinyume chake, Copy 1 ndiyo iliyobaki bila mwenyewe.

Fanya hivi:

Bofya kitufe cha kulia juu ya printa iliyofifia, chagua Printer properties (siyo Properties ya chini kabisa, zinafanana majina), kisha Ports. Utaona orodha ya USB001, USB002, labda na USB003. Tia tiki kwenye ile iliyoandikwa Virtual printer port for USB ambayo Copy 1 inaitumia. Apply. Rudi, fungua dirisha la foleni, bofya menyu ya Printer, hakikisha Use Printer Offline na Pause Printing hazina tiki. Hizi mbili zikiwekwa tiki kwa bahati mbaya hazitoki zenyewe hata ukiwasha upya mashine.

Ikikubali, futa Copy 1, ifanye hii iliyobaki kuwa default, kisha bandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye lile tundu la nyuma: "PRINTA". Sifanyi utani. Kwenye kompyuta inayoguswa na watu 4 kwa siku, hicho kikaratasi kinaokoa muda kuliko programu yoyote.

#4 bi_toneri

Naongezea kuhusu hiyo 64.0 KB. Maana yake kompyuta imesukuma fungu la kwanza la data na bado inangoja printa ilipokee. Ukiona namba hiyo imeganda, usitume kazi ileile mara nane. Zote zinapanga mstari nyuma ya ile mbovu, na siku ikifunguka zinatoka zote nane, toneri ikaisha kwa barua moja.

Kusafisha foleni, Delete ya kawaida ikigoma na kubaki inaandika "Deleting", fungua Command Prompt kwa Run as administrator, uandike mistari hii mmoja mmoja (spooler ni huduma ya Windows inayoendesha foleni ya kuchapa):

`net stop spooler`
`del /q /f "%systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*"`
`net start spooler`

Zima printa KABLA ya mstari wa tatu, iwashe baada yake. Watu wengi husahau hili: nusu ya kazi ya zamani bado iko ndani ya printa, na usipoizima kazi mpya inaungana na mkia wa ile ya zamani. Futa faili zilizomo tu (utaziona za .SPL na .SHD), folda yenyewe ya PRINTERS iache.

Na uangalie nafasi ya diski C. Ukurasa unachorwa na kompyuta, kwa hiyo faili la PDF la MB 3 linaweza kuvimba likawa mara kadhaa ya hapo kwenye foleni. Mashine yenye memori ya MB 512 na C iliyobaki na MB 200 itachapa Notepad vizuri halafu ikwame kwenye PDF. Hapo usiilaumu printa.

#5 Mchapaji_Kata

Na ikiwa spooler inajizima yenyewe? Ukibonyeza Start kwenye services.msc inafanya kazi sekunde kumi halafu inaanguka. Foleni nimeshaifuta, haina kitu.

#6 FundiRola

@Mchapaji_Kata foleni tupu na bado inaanguka, hapo sasa ndipo draiva inapostahili lawama. Spooler hubeba draiva zote ndani yake, moja ikianguka inaangusha wote. Mara nyingi si ya printa unayoitumia, ni ya printa iliyoondoka miaka mitatu iliyopita ikaacha mabaki.

Andika kwenye Run: `printui /s /t2`. Linafunguka dirisha la draiva zote zilizomo. Futa kila isiyo na printa mezani, ukichagua Remove driver and driver package. Ikikuambia draiva inatumika, simamisha spooler, ianzishe, na ufute papo hapo kabla haijaanguka. Una hizo sekunde kumi zako, zinatosha ukijiandaa.

Ikiendelea kuanguka, fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Print\Monitors. Kwenye Windows 7 vya kawaida ni Local Port, Microsoft Shared Fax Monitor, Standard TCP/IP Port, USB Monitor na WSD Port. Ukikuta kingine chenye jina la kampuni ya printa usiyonayo, bofya kulia, Export kwanza uhifadhi nakala, ndipo ufute na kuanzisha spooler. Usifute usichokijua bila nakala. Nikisema hivi kuna mtu lazima atafuta USB Monitor, halafu aje hapa kulia.

#7 saa_mbovu

Wakuu mimi nimekwama hatua ya nyuma kabisa. Draiva yenyewe sipati. Mashine ni ya zamani, kila ukurasa ninaofungua unaleta onyo la cheti cha usalama. Nimejaribu vivinjari viwili.

#8 bi_toneri

@saa_mbovu jina lako limejibu swali 😄 Angalia tarehe pale kona ya chini kulia. Ikiwa inaonyesha mwaka ambao umeshapita zamani, betri ya bodi imekufa. Ni CR2032, ya volti 3, ile ya duara kama sarafu. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua ubavu, itoe kwa kusukuma kilimi pembeni, weka mpya maandishi ya + yakiangalia juu. Ukiwasha ingia BIOS (mipangilio ya bodi, kabla Windows haijawaka) uweke tarehe na saa. Cheti cha tovuti kinapimwa kwa tarehe ya mashine yako. Tarehe ikiwa ya nyuma, cheti kinaonekana bado hakijaanza kutumika.

Ikiwa tarehe iko sawa na bado inagoma, hasa XP, basi kivinjari hakielewi usimbaji wa sasa. Usihangaike nacho. Pakua draiva kwenye kompyuta nyingine au simu, beba kwa flashi. Kabla ya kupakua, bofya kulia Computer, Properties, soma System type: 32-bit au 64-bit. Ya 32 haiingii kwenye 64, na ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Jambo jingine la Windows 7: draiva zilizotiwa saini miaka ya karibuni zinatumia SHA-2 (aina mpya ya saini), na Windows 7 isiyosasishwa haiijui. Inakataa kwa kusema haiwezi kuthibitisha saini. Inatakiwa sasisho za Windows: SP1, kisha KB4490628, kisha KB4474419, kwa mpangilio huo. Draiva ya 1020 yenyewe ni ya zamani kwa hiyo mara nyingi hutaguswa na hili, ila kebo za kubadilisha USB na printa mpya mpya zitakugusa.

Na usichomeke printa mpaka programu ya kusakinisha ikwambie uchomeke. Ukitangulia, Windows inaweza kuiweka kama Unknown device. Ikishafika hapo: Device Manager, bofya kulia hicho kisichojulikana, Uninstall, chomoa, anza upya.

#9 FundiRola

Hapo kwenye Unknown device kuna njia ya kujua kosa ni la draiva au la waya. Bofya kulia, Properties, Details, chagua Hardware Ids. Ukiona VID_03F0&PID_2B17, hiyo ni 1020 imejitambulisha yenyewe: waya mzima, draiva haipo. Ukiona sufuri tupu, au ukurasa wa General unaandika Code 43, printa haijaweza hata kutaja jina lake. Badilisha kebo, weka fupi ya mita 1.5 au 2 (mita 5 ndio mwisho wa kebo ya USB, na za bei rahisi hazifiki huko), ondoa habu, hamia matundu ya nyuma yaliyo kwenye bodi yenyewe. Matundu ya mbele yanaunganishwa kwa kiwaya chembamba ndani ya kasha na kwenye mashine za zamani hulegea.

#10 NyukiMweusi

Kwa wenye LaserJet P1102: ikichomekwa ikajitokeza kwenye My Computer kama CD, msishangae. Imebeba draiva zake ndani na inajifanya diski mpaka usakinishe. Fungua hiyo "CD", endesha faili la kusakinisha, ikimaliza inageuka printa. Antivirusi inayozuia autorun huwa inaiua hapo katikati, ibaki CD milele. Izime kwa muda, chomoa, chomeka, rudia. Katriji yake ni 85A, usilazimishe 12A, haiingii.

#11 RisitiTatu

Mimi nina Epson LX-300+ (dot matriksi, ile ya kugonga riboni) kwa ajili ya karatasi za nakala tatu, kwenye XP, kebo ile nene ya LPT, tundu la printa la zamani. Inachapa lakini herufi zinabadilika. Neno BARAZA linatoka B@R@Z@. Riboni mpya. Draiva nimeondoa na kurudisha mara mbili.

#12 KeboNdefu

@RisitiTatu asante kwa kuandika hasa kilichotoka, umerahisisha kazi. Acha draiva.

Kebo hiyo inapeleka kila herufi kwa nyaya 8 kwa pamoja, pini ya 2 hadi ya 9 upande wa kompyuta. A ni 41 kwa heksa (namba za msingi wa 16), @ ni 40. Tofauti ni biti moja, ile ya mwisho kabisa. B ni 42, R ni 52, Z ni 5A, zote biti hiyo ni sufuri kwa asili ndiyo maana hazijaguswa. Kwa hiyo biti hiyo haifiki, imebaki sufuri muda wote. Huo ni waya wa pini ya 2. Ingekuwa imekwama juu badala ya chini ungepata CASA[A.

Zima vyote viwili, chomoa, tazama plagi ya pini 25 kwa tochi. Pini ya 2 itakuwa imepinda, imezama ndani, au imeota kutu. Inyooshe kwa kibano. Kama iko sawa, pima kwa mita ya umeme: pini 2 ya upande huu lazima ilie na pini 2 ya plagi ile pana ya pini 36. Isipolia, kebo imekatika, nunua nyingine iliyoandikwa IEEE 1284.

Kutenga printa na kompyuta: zima LX-300+, shikilia kitufe cha LF/FF ukiwasha. Itajipima yenyewe bila kompyuta. Herufi zikitoka sawa, kichwa na riboni havina neno. Ukishikilia LF/FF na Load/Eject pamoja ukiwasha, inaingia hali ya heksa: kila inachopokea inakichapa kwa namba. Tuma BARAZA, usome 42 41 52 41 5A 41. Ukisoma 40 penye 41, nimekwisha kusema.

Na jamani, LPT si USB. Usichomoe wala kuchomeka huku vimewashwa. Ndivyo matundu mengi ya bodi yalivyoungua.

#13 RisitiTatu

Pini ya 2 ilikuwa imezama. Nimeivuta, BARAZA imerudi BARAZA. Sasa swali la pili. Programu ya mauzo ni ya DOS (mfumo wa kabla ya Windows), na kompyuta tunayotaka kuhamia haina tundu la LPT. Nimeona kebo za kubadilisha USB kwenda LPT madukani. Zitafanya kazi?

#14 KeboNdefu

Kwa Windows ndiyo, kwa DOS hapana, mpaka uizungushe. Kebo hiyo haitengenezi LPT1. Windows inaiona kama mlango wa USB001. Programu ya DOS inapiga kelele LPT1 na hakuna anayeitika.

Mzunguko wenyewe: sakinisha LX-300+ kwenye USB001, pima kwa ukurasa wa majaribio. Kisha Sharing, ipe jina fupi lisilo na nafasi, tuseme LX300. Halafu kwenye Command Prompt:

`net use LPT1: \\JINALAKOMPYUTA\LX300 /persistent:yes`

Badilisha JINALAKOMPYUTA kwa jina halisi, utalipata kwa kuandika `hostname`. Jaribu kwa `dir > LPT1`. Orodha ikitoka, programu yako nayo itatoka. Mambo matatu yanayoharibu: kwanza, mashine isiyo na kebo ya mtandao wala Wi-Fi inaweza kukataa amri hiyo, basi weka Microsoft Loopback Adapter (kadi ya mtandao ya kuigiza) kupitia Add legacy hardware. Pili, kama bodi ina LPT1 halisi hata usiyoitumia, izime kwenye BIOS. Tatu, Windows ya 64-bit haiendeshi programu za DOS za 16-bit kabisa, kwa hiyo sakinisha ya 32-bit.

Ikiwa kompyuta mpya ina LPT lakini inachapa kwa kusitasita, ingia BIOS, kwenye Parallel Port badilisha ECP iwe SPP (nyingine huandika Normal), anwani 378, IRQ 7. LX-300+ haihitaji zaidi ya hapo.

#15 KaratasiA4

Ya kwangu ilikuwa USB002 kweli, imefunguka. @KeboNdefu hiyo net use naweza kuielekeza 1020 badala ya dot matriksi? Riboni zinasumbua kupatikana huku.

#16 KeboNdefu

Haitatoka kitu, na ukijaribu utapoteza siku nzima ukidhani umekosea amri. Rudi #1. Programu ya DOS inatuma maandishi matupu, na 1020 haielewi maandishi matupu. Hiyo net use inapeleka herufi moja kwa moja bila kupita kwa draiva inayochora, kwa hiyo zinafika kwenye printa isiyojua kusoma. Ukitaka leza kwa kazi ya DOS, tafuta inayoelewa PCL, hata LaserJet 1320 ya zamani inatosha. Lakini nakala tatu za kaboni haitakupa, hakuna kichwa kinachogonga karatasi.

#17 bi_toneri

La mwisho kwa upande wangu, maana naona picha ya @Mchapaji_Kata ina printa imechomekwa kwenye UPS. Itoe. Leza inapopasha fyuza (sehemu inayoyeyushia toneri kwenye karatasi) inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, UPS ndogo ya VA 650 inalia au inazima mashine katikati ya kazi, na ndipo foleni inapobaki na faili bovu linalokurudisha kwenye net stop spooler kila asubuhi. Kompyuta na skrini zibaki UPS, printa iende ukutani kupitia kilinda umeme cha kawaida. Dot matriksi haina shida hiyo, haipashi kitu.

#18 Mchapaji_Kata

Nimeitoa. Na kwenye Monitors nilikuta kitu cha skana tuliyoirudisha zamani, nimekihifadhi nakala na kukifuta. Spooler haijaanguka tangu saa nne. Kilichobaki ni doa jeusi linalojirudia kwenye kila ukurasa.

#19 FundiRola

Chukua rula, pima kutoka doa hadi doa. Ikiwa ni kama milimita 75, huo ni mzunguko mmoja wa dramu ya 12A. Toa katriji, sukuma kifuniko chake, tazama ile silinda bila kuigusa kwa kidole wala kuiweka juani. Mkwaruzo ukiuona, badilisha dramu unapojaza toneri, usibadilishe katriji nzima. Ukipata kipimo kingine, leta namba hapa.